Fundi wa matairi pale Igurusi: miezi sita baada ya kupandikiza valvu

Nimechelewa kuandika kwa makusudi. Siku unayoondoka kwa fundi wa matairi kila tairi limejaa, kila mtu anacheka, na ukimsifu siku hiyo utakuwa umesifu upepo tu. Nikasubiri kwanza trekta livuruge majaruba, livute trela la mpunga na linyeshewe mvua zote mpaka zikakatika. Sasa ni Juni, mpunga umevunwa, na nina la kusema.

Trekta lenyewe ni Massey Ferguson 135 la miaka ya 1970, injini ya Perkins ya silinda tatu, limeundwa Coventry kule Uingereza. Nililinunua likiwa limeshatumika huko kwao, kwa hela ya kiinua mgongo. Nimefundisha hesabu shule za msingi miaka thelathini na ushee, na nilipostaafu mama watoto alitaka tujenge vyumba vya kupangisha Uyole. Mimi nikataka trekta. Kila tairi likipungua upepo, vile vyumba hutajwa mezani.

Na tairi lilikuwa linapungua. La nyuma, la kulia. Wanaolima na plau la sahani wanajua kwa nini la kulia ndilo huumia: ndilo linalotembea ndani ya mtaro uliokwisha kulimwa, kwenye unyevu na tope, wakati la kushoto linapita juu pakavu kama bwana harusi. Mwanzoni nilijaza upepo mara moja kwa wiki. Ikawa siku mbili. Mwishoni mwa Novemba nikiamka asubuhi nalikuta limekunja goti, na pampu ya mguu ikanifundisha kwamba miaka sitini si arobaini.

Nilipoifuta valvu kwa tambara ndipo nikaona. Kwenye shina kulikuwa na ukoga wa kijani kama ule wa sufuria ya shaba iliyosahauliwa, na pale linapotokea kwenye rimu palizunguka unga mweupe uliogandana, mithili ya chumvi iliyomwagika ikapata unyevu. Chini ya unga huo rimu ilikuwa inabanduka magamba. Kifuniko hakikukubali kufunguka. Nilipokibana kwa koleo kikavunjika, na kipande kimebaki kwenye nyuzi za valvu mpaka leo. Nimekihifadhi kwenye kikopo cha chaki.

Kabla sijafika kwa fundi ninayemwandika hapa nilipita kwa wawili wengine. Siwataji, ila niseme walichofanya kwa kuwa kinahusu usalama. Wa kwanza alisema shimo la rimu limelika, atalichomelea. Nikamuuliza, tairi tunalitoa lini? Akasema hakuna haja, tunatoa upepo tu, tunachomelea na tairi likiwa mahali pake, nusu saa umeondoka. Nilimuaga nikamwambia naenda kutafuta hela. Wa pili alikuja shambani na bodaboda kutoka mjini akiwa na kompresa ndogo. Alijaza tairi mpaka geji yake ya upepo ikasoma psi 40, eti tuone linapovujia, kisha akaniambia tairi limekufa, tyubu imekufa, ninunue vyote vipya, na kwa bahati njema anamjua mtu anayeviuza.

Aliyenielekeza Igurusi ni kijana anayeendesha pawatila shamba la jirani. "Mwalimu, nenda kwa mzee wa Igurusi. Ila ubebe subira." Maneno yote mawili yalikuwa kweli.

Ukitoka Mbeya kuelekea Makambako, ukishapita Uyole na Inyala unateremka, hewa inabadilika, koti unalivua, ndiyo unaingia Igurusi. Kibanda hakina jina wala bango. Kuna tairi kubwa la trekta limezikwa nusu, limepakwa chokaa, na nyuma yake mabati matano juu ya nguzo za mlingoti. Ndani kuna tyubu zilizokufa zimening'inia kama utumbo buchani, jiko la mkaa, pipa la maji, mitaimbo ya saizi tatu, na redio isiyozimwa. Nyuma ya kibanda kuna mfereji mdogo unaokwenda mashambani. Wenyeji wote wanapajua.

Nilipofika tulianza na tatizo la salamu. Yeye ana mvi kunizidi, mimi nilikuja na koti la ualimu, kila mmoja akasubiri mwenzake aanze. Mwishowe nikatoa shikamoo, akaipokea kwa raha, akauliza mwaka niliozaliwa, akahesabu, akasema nilifanya sawa. Ni mtu wa maneno. Alijifunza kazi ujanani kwenye karakana ya shamba la mpunga la serikali la Mbarali, lile lililojengwa kwa msaada wa Wachina miaka ya 1970, na usipoangalia atakusimulia kila trekta lililopita pale.

Ila kwenye valvu yangu hakusema neno kwa dakika nzima. Alichuchumaa, akaushika ule unga mweupe kwa vidole viwili, akausugua. Akanipa na mimi nishike. Nilitegemea ukwaruze kama chumvi ya mezani, lakini ulikuwa unateleza, kama umeguswa na mafuta. Akaweka kidogo sana ncha ya ulimi, akatema, akasukutua kwa maji.

"Trekta hili lilitoka Ulaya likiwa na matairi yake?"

Nikasema ndiyo.

"Basi umekuwa ukizunguka na chumvi yao."

Hapa naomba nieleze vizuri, kwa kuwa naamini wapo wengine Usangu na Mbozi na hata Ismani wanaozunguka nayo bila kujua. Matairi ya nyuma ya trekta hujazwa maji ili yawe mazito yasiteleze kwenye kulima. Watu wengi wanalijua hilo, na kwetu maji ni ya kisima tu. Lakini Ulaya na Marekani majira ya baridi maji hayo yangeganda ndani ya tairi, kwa hiyo wao huyachanganya na chumvi iitwayo kalsiamu kloraidi, ambayo hushusha kiwango cha kuganda na kuongeza uzito juu yake. Ndani ya tyubu haina neno. Shida ni ikipata upenyo. Ikivuja tone moja kwenye shina la valvu, tone lile halikauki, maana chumvi hii huvuta unyevu kutoka hewani. Rimu inabaki imelowa mwaka mzima, kiangazi na masika, na chuma kilicholowa maji ya chumvi mnajua mwisho wake. Shaba ya valvu nayo huliwa polepole. Pale juu Kitulo, ambako umande huganda nyasi zikawa nyeupe mwezi wa sita na wa saba, pengine mtu angebishana. Igurusi? Igurusi maji yagande kwa sababu gani?

Kwa hiyo hakuna aliyeiharibu valvu ile kwa uzembe, isipokuwa mimi kidogo. Kifuniko cha asili kilipotea mwaka wa kwanza, nikaweka cha alumini nilichotoa kwenye gari dogo. Fundi alikitazama kile kipande kilichovunjika akatikisa kichwa. Alumini juu ya shaba, katikati maji ya chumvi: hung'ang'aniana kama wamechomelewa. Akasema kifuniko cha plastiki cha shilingi mia kadhaa kingeokoa nusu ya kazi.

Alitaka kwanza kujaribu njia rahisi. Valvu za trekta zina kichwa kinachofunguka chote, tofauti na za gari. Ndani ya kichwa hicho kuna kisindano cha kawaida, kile unachobonyeza upepo ukatoka; lakini ukifungua kichwa chenyewe linabaki tundu pana la kupitishia maji. Kama ubovu umeishia kwenye kichwa, unabadilisha hicho peke yake na tairi halivuliwi. Alikilowesha kwa dizeli tangu saa nne mpaka baada ya chakula, akakizungushia tambara la maji ya moto. Nikamuuliza kwa nini asitumie moto. Akanionyesha mpira ulioanzia milimita chache chini yake.

Alipokizungusha hakikufunguka, kilikatika. Nyuzi za shina zilikuwa zimegeuka ungaunga wa rangi ya waridi, shaba haipo tena, imebaki kivuli chake. Hapo ikabidi tairi livuliwe.

Kazi ya kumwaga maji iliniburudisha. Alipiga jeki, akaweka magogo chini ya ekseli na mawe mbele ya magurudumu mengine, akazungusha gurudumu mpaka valvu ikawa chini kabisa, na maji yakatoka kwa mshindo. Tairi la saizi yangu, 12.4-28, likijazwa robo tatu hubeba kama lita 150, ambazo kwa maji matupu ni kilo 150, na za chumvi ni nzito zaidi. Hakuyaacha yaende mfereji, na hili nampa alama zake zote. Mfereji ule unanywesha mpunga wa watu. Aliyakinga kwenye madumu na pipa, kisha kijana wake akayamwaga kidogo kidogo kwenye vumbi la barabara ya kuingilia kibandani, mbali na miti. Nilidhani ni uvivu. Siku ya tatu nilipofika, barabara yote ilikuwa inatimua vumbi, na pale mbele ya kibanda palikuwa bado na doa jeusi la unyevu, wala mvua haikuwa imenyesha. Mzee akaniambia kuna nchi wanainyunyiza chumvi hiyo barabarani ili kutuliza vumbi.

Sasa nifike kwenye kazi yenyewe.

Tyubu ilipotoka ilikuwa nzima, mpira mnene, haina kiraka hata kimoja. Kilichooza ni valvu tu. Fundi akanieleza wazi: tiba kamili ni tyubu mpya, lakini Igurusi saizi hiyo hakuna, Mbeya utazunguka Mwanjelwa siku nzima, na ile niliyotajiwa na yule wa bodaboda ilikuwa 120,000. Au anipandikizie valvu nimalize msimu. Hakunisukuma upande wowote. Maji ya mfereji yalikuwa zamu yangu wiki ileile, nikachagua kupandikiza.

Akaenda kwenye zile tyubu zilizoning'inia, akachagua moja iliyopasuka ubavuni ya trekta kubwa, akasoma maandishi ya kwenye shaba kwa kuyageuzia juani: TR218A, namba ya aina ya valvu. Akanionyesha yangu, nayo TR218A, ingawa ilibidi kuisugua ndipo isomeke. Akaikata valvu ile pamoja na duara la mpira la ukubwa wa kisosi. Kingo za duara akazichonga kwa kisu mpaka zikawa nyembamba kama ukingo wa chapati, akauparua upande wa chini kwa tupa. Kwenye tyubu yangu akaikata valvu mbovu ikatoka yote kama kitovu, akaparua mpira kuzunguka tundu, akafuta vumbi, akapaka solusheni pande zote mbili, akasubiri. Hapo kwenye kusubiri ndipo nilipomwamini. Solusheni ikiwa mbichi unaona inang'aa. Aliigusa kwa nyuma ya kidole mara tatu kwa nyakati tofauti, na mara mbili akasema bado. Katikati akaweka utando wa mpira mbichi, akashindilia kile kisosi juu ya tundu, valvu imesimama wima.

Kisha chuma. Alikuwa na pete nene ya chuma, nadhani ya beringi kubwa la lori, iliyokuwa jikoni muda wote ule. Ilipotoka akaidondoshea tone la maji kwa kidole. Tone likakimbia juu ya chuma kama shanga, likazunguka, halikufa. "Imezidi," akasema, akaiweka chini. Baada ya dakika kadhaa tone jingine: hili likachemka palepale, likakauka. "Sasa." Akaivisha pete kwenye shina la valvu mpaka ikalala juu ya mpira, ubao chini, akaikaza kwa klampu ya skrubu. Alisema dakika ishirini. Saa yangu ilisoma 23. Harufu ya mpira ilijaa kibandani, redio ikatoa matangazo ya vifo, kijana akaenda kununua maandazi.

Tulipoipeleka tyubu mfereji ikiwa na upepo kidogo, tukaizamisha na kuigeuza, hakuna povu. Ukingo wa kisosi ulikuwa umeungana na tyubu kiasi kwamba kwa kucha sikupata pa kuanzia.

Nilidhani tumemaliza. Tulikuwa nusu. Tundu la rimu, ambalo linatakiwa kuwa duara la milimita 16, lilikuwa limelika likawa yai, na ukingo wake mkali kama mfuniko wa kopo. Valvu mpya ingekaa pale ingekatwa ndani ya mwezi. Rimu ikavuliwa yote, ikapigwa brashi ya waya, ikaoshwa kwa maji ya pipa mara tatu ili chumvi iishe, ndipo ikapelekwa kwa mchomeleaji jirani, akaziba tundu na kulitoboa upya. Ikiwa peke yake, bila tairi. Nikamsimulia mzee kuhusu yule aliyetaka kuchomelea na tairi likiwa juu. Aliacha kazi akanitazama. Akasema mpira ukipata moto kwa ndani hutoa gesi, gesi ile hushika moto, na tairi linaweza kulipuka hata kama ulishatoa upepo wote na valvu iko wazi. Kuhusu zile 40 za mwenzake wa bodaboda alisema tairi la trekta hata wakati wa kulikalisha kwenye rimu halipitishwi 35. Likigoma, unatoa upepo, unapaka sabuni upya, unaanza tena, na unasimama pembeni na mpira mrefu wa upepo, hulikumbatii.

Kabla ya kurudisha, rimu ilipakwa redoksaidi, ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, na kijana akatumwa dukani kuleta poda ya mtoto. Nilidhani ananitania. Ilimwagwa ndani ya tairi na juu ya tyubu ili mpira usishikane na mpira ukajikunja. Mama watoto aliponusa trekta jioni ile aliuliza nimetoka wapi.

Kasoro sasa, maana mimi ni mwalimu na karatasi isiyo na alama nyekundu haijasahihishwa.

Muda. Aliniambia nije Jumatano jioni nichukue. Nilichukua Ijumaa saa kumi na moja. Siku moja ilikwenda na msiba wa jirani, hiyo siwezi kulalamika, mimi mwenyewe nilikwenda. Lakini nusu siku nzima ilipotea kwa sababu rangi iliisha na hakuna aliyejua mpaka brashi ilipokauka. Zamu yangu ya maji ilipita nikabadilishana na mtu, na mtu huyo bado ananikumbusha.

Geji. Ana geji ya malori, inaanzia mbali na kupanda kwa kumi kumi. Tairi la nyuma la trekta dogo kama langu linataka 12 mpaka 16 hivi, na pale chini geji ya lori inabahatisha. Alijaza akasema 16. Geji yangu, niliyonunua nikiwa bado kazini, ikasema 21. Tukabishana, akakubali kupunguza, lakini angetulia akanunua yenye namba ndogo. Na kama tairi lako lina maji, pima valvu ikiwa juu, la sivyo geji inakunywa maji.

Kijana wake huvuta sigara hatua mbili kutoka kwenye kopo la solusheni. Nimemwambia. Amecheka. Nimemwambia tena.

Risiti hakuna. Bei alinipa kwa mdomo, 80,000, jumla. Nikamwomba tuiandike. Akachukua chaki ya kuwekea alama, tukaandika ubavuni mwa tairi: kuvua na kurudisha 25,000, kupandikiza 15,000, mchomeleaji 10,000, rangi, poda na vifuniko 6,000, gurudumu la kushoto 15,000. Nikajumlisha kwa sauti. 71,000. Akarudia kujumlisha mwenyewe, akapata hivyohivyo, akacheka mpaka akakohoa, akapokea 71,000. Sidhani alitaka kuniibia, nadhani hajumlishi. Lakini wewe beba chaki.

Hilo gurudumu la kushoto sikulitaka. Lilikuwa zima, na nilimwambia hivyo. Akasema zima leo, chumvi ni ileile, likianza kuvuja utakuwa katikati ya jaruba. Tukamwaga maji yake, kichwa cha valvu kikafunguka vizuri maana kifuniko chake cha asili kilikuwepo, akabadilisha kisindano, akasuuza, akajaza maji ya kisima. Kujaza kwenyewe ni kwa pipa lililopandishwa juu ya jukwaa na mpira wenye kiungo kinachoruhusu hewa itoke huku maji yakiingia. Valvu inakuwa juu kabisa, na maji yakifika usawa wake yanaanza kurudi, basi, robo tatu hiyo. Inachukua muda mrefu na hakuna cha kuangalia. Ndipo tulipobishana kuhusu mchele. Yeye, kama watu wote wa Usangu, anaamini mchele wetu unafika Dar ukibatizwa jina la Kyela. Kulikuwa na dereva wa lori kutoka Kyela pale anasubiri pancha, na sitaandika alichojibu.

Baada ya hapo nimelima ekari zangu, nikavuruga, nikalimia majirani wanne kwa hela, nikavuta magunia mpaka barabarani. Tairi la kulia nimeliongeza upepo mara mbili tangu Desemba, na mara zote mbili kidogo tu, kiasi ambacho la kushoto nalo liliongezwa. Kila Jumapili natema mate kwenye mdomo wa valvu kama watoto wa baiskeli, natazama povu. Hakuna. Juzi nilifungua kifuniko kwa vidole viwili. Shaba imefifia kidogo, ya kijani hakuna. Kuzunguka tundu la rimu rangi nyekundu ipo, isipokuwa pale mtaimbo ulipokwaruza.

Alama: kazi ya mikono 19 kwa 20, ile moja ni ya mkwaruzo. Uaminifu 17. Usalama ningempa 18, sigara ya kijana imeshusha mpaka 14. Muda 8, na hapo nimemsaidia. Bei 16, ukibeba chaki.

Tyubu mpya nimeshaagiza kwa mtu anayekwenda Mbeya, kama mzee mwenyewe alivyonishauri, na nitaipeleka kwake aiweke kabla ya Novemba. Ile ya kupandikizwa itabaki akiba chini ya kiti. Kama unakwenda, nenda na kifuniko cha plastiki mfukoni, cha ziada, kwa kuwa vyake huisha. Mwambie mapema kama trekta lako lilitoka ng'ambo na matairi yake, asije akafungua karibu na mfereji. Jumamosi hafungui, ni Msabato. Jumapili yupo tangu saa moja asubuhi, na saa hiyo redio bado haijawashwa.